Siku 16, basi na darubini ya kuazima: ndege wa Tanzania bila kupita Serengeti

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Likizo ya Desemba nina siku 16 ninazoweza kuwa mbali na nyumbani. Gari sina, na darubini nimeazima kwa mwenzangu anayefundisha baiolojia. Ninatamani kuona ndege wa mazingira tofauti ya nchi yetu: pwani, msitu, nyika, mabwawa. Kila ninayemuuliza ananiambia nianze Serengeti, Ngorongoro kisha Manyara, lakini nikipiga hesabu ya gari la kukodi nakata tamaa. Nipange vipi? Na nikizikosa hizo hifadhi kubwa, si nitakuwa nimekosa kila kitu?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi. Hutakosa kitu. Zamani niliwahi kuongoza kundi lililotaka hifadhi sita kwa siku tisa. Tuliandika orodha ndefu ya ndege, kama ya mahudhurio ya shule. Usiku wa mwisho mmoja wao akaniuliza, kati ya wote hao, yupi aliyenigusa moyo. Nikakaa kimya. Wote niliwaona kupitia dirisha la gari, injini ikinguruma, na dereva akitazama saa asije akafungiwa geti.

Ndege hasomi mabango ya hifadhi. Anafuata mti anaoujua, mwinuko, unyevu na wadudu wanaopatikana hapo. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na sababu kubwa ni kwamba mazingira yetu yamebanana. Unaweza kupata kifungua kinywa penye tope la bahari, na jioni ukavaa sweta kwenye msitu wa ukungu. Kwa hiyo panga safari kwa mazingira, na kila mahali ulale usiku zaidi ya mmoja. Mstari ninaokupendekezea ni huu: Dodoma, Dar es Salaam, Amani, Lushoto, halafu Bonde la Kilombero, na kurudi nyumbani. Yote kwa treni, mabasi na bodaboda.

Siku ya kwanza ni hapo hapo ulipo. Watu wa Dodoma mnadharau nyika yenu, lakini mtu anapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona kwezi wa kijivu, Lamprotornis unicolor, ambaye makao yake karibu yote yako ndani ya Tanzania. Hana rangi ya kung'aa kama kwezi wengine, amefanana na majivu ya jikoni, na labda umempita mara mia bila kumwangalia. Kabla ya treni, toka nje ya mji alfajiri, tafuta mibuyu yenye matundu na ukae chini kimya. Sikiliza mikelele mikali, kama ya watoto wanaogombania kitu. Hao ni kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano na kichwa cheusi, Agapornis personatus. Dunia nzima inawajua wakiwa kwenye vizimba, lakini asili yao ni nyika zetu, na wewe unawaona wakiingia na kutoka kwenye mbuyu bila kulipa kiingilio.

Mchana panda treni ya SGR uende Dar. Pale nakupa siku mbili, na zote zitawaliwe na maji ya bahari. Uliza wavuvi kama ni bamvua au maji mafu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana na ndege husambaa hadi wanakuwa nukta. Kosa la wageni ni kwenda maji yakiwa yametoka kabisa. Nenda saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, ukae mahali, uwaache maji na ndege wakufuate. Kila dakika kumi mstari wa bahari unapanda, na vitwitwi wanasogea nao, wakikimbia na kusimama, wakikimbia na kusimama, mpaka wanakuwa mbele yako. Ufuo wa Kunduchi unafaa, na matope ya karibu na Daraja la Selander pia.

Desemba ni mwezi mzuri kwa hili, kwa sababu wageni wa kaskazini wako kwetu kuanzia Septemba hadi Aprili hivi. Mtafute sululu, mwenye mdomo uliopinda kama zana ya jina hilo hilo. Na umtafute Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu huchimba shimo mchangani na kutagia humo, kwenye fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, halafu huja kwetu kula kaa hadi msimu ugeuke. Wazee wa pwani walikuja na kwenda kwa majahazi kwenye njia hiyo hiyo, kaskazi ikiwaleta na kusi ikiwarudisha.

Neno moja la tahadhari hapa mjini. Darubini usiielekeze kwenye kambi, bandari, daraja wala nyumba ya mtu yeyote. Mtu mwenye darubini anayesema "naangalia ndege" haaminiki upesi. Ukiulizwa, mpe anayekuuliza atazame mwenyewe. Mimi nimeshamaliza maswali mengi kwa namna hiyo, na mara moja nikapata mwanafunzi.

Siku ya nne panda basi la Tanga ushuke Muheza, kisha utafute gari la kupanda Amani. Ukiniuliza sehemu ya safari hii ambayo hupaswi kuipunguza, ni hii. Lala usiku minne.

Amani iko Usambara Mashariki, kwenye Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita upande wa Kenya na kushuka kwa vipande hadi Udzungwa. Milima hii inapata unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja. Hata nyakati ambazo Afrika ilikauka na misitu mingi ikawa nyika, huku mvua haikukatika, kwa hiyo viumbe waliobaki juu wakawa kama watu wa kisiwani, kila mlima na wake. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na bustani yao ya miti bado ipo. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo usisahau kitambulisho chako.

Sasa nikueleze asubuhi ya Amani inavyokuwa, ili usikate tamaa siku ya kwanza. Saa kumi na mbili na nusu umesimama kwenye barabara ya udongo, mkono mmoja mashamba ya chai, mkono mwingine msitu. Ukungu umeshika. Matone yanadondoka kutoka juu, kila jani likitikisika unanyanyua darubini, na ni tone tu. Nusu saa inapita. Unaanza kuwaza kwamba yule mwandishi alinidanganya. Ghafla mramba mmoja anatokea, mweusi, mkia umepasuka, anapiga kelele. Nyuma yake tawi linatikisika, halafu jingine, halafu mti mzima unajaa. Ni msafara: ndege wa aina kumi au kumi na tano wanaotembea pamoja, kila mmoja akila sehemu yake. Huyu majani ya juu, yule magamba ya shina, mwingine wadudu wanaorushwa na wenzake. Katika dakika nne au tano wamepita, na msitu unanyamaza tena.

Mtu asiyejua huwakimbilia. Usikimbie. Chagua ndege mmoja tu katika msafara, mwangalie mpaka atoweke, kisha utulie. Msafara huzunguka, na mara nyingi hurudi njia ile ile. Kwa jinsi hiyo nilimwona vizuri chozi wa Amani, Hedydipna pallidigaster, baada ya kumkosa siku mbili. Dume ana kichwa cha kijani kizito kama chupa, tumbo jeupe, na pembeni mwa kifua ana kishada kidogo cha rangi ya chungwa kinachoonekana akinyanyua bawa tu. Alikuwa juu sana, shingo iliniuma hadi jioni. Anapatikana pia Arabuko-Sokoke, Kenya, lakini jina ni la Amani.

Kuna chozi mwingine, Anthreptes rubritorques, wa kijani na mkanda mwembamba mwekundu kifuani. Huyo mara nyingi hukaa karibu na makazi ya watu, kwenye miti yenye maua au matunda, kwa hiyo usidhani kila cha thamani kimejificha ndani. Pembezoni ndipo pa kukaa: msitu unapokutana na chai, chai inapokutana na kijiji. Hata yule mashuhuri kuliko wote, Artisornis moreaui, ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu na aliye hatarini kutoweka, hupenda vichaka vilivyofungamana na mitambaazi penye uwazi ndani ya msitu. Jina lake ni la Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Huyu utamsikia kabla ya kumwona, na pengine hutamwona kabisa. Mimi nilimkosa safari tatu.

Chukua mwongozaji wa kijijini kwa siku mbili angalau, ndiyo fedha utakayoitumia vizuri kuliko zote. Vijana hawa wamekua humo. Niliwahi kutembea na mmoja aliyesimama ghafla, akainua kidole, akasema, "Huyo amekasirika, kuna nyoka." Kweli, alikuwa ndege mdogo akimzomea nyoka wa mtini. Kitabu changu kilikuwa na picha ya ndege huyo, lakini hakikuwa na hasira yake.

Siku moja shuka Zigi kwa miguu. Amani iko kwenye mita 900 hivi, na Zigi chini ni kama nusu ya hapo. Ni matembezi ya saa chache, lakini ndege wanabadilika njiani kana kwamba umevuka mkoa. Joto linapanda, sauti zinakuwa nyingine, na ndipo utaelewa kwa nini nakusisitizia mwinuko. Hondohondo watakupita juu wakipiga mabawa kwa kishindo kama mtu anayekung'uta mkeka. Wana kesi yao huko. Mti uitwao Maesopsis eminii, ambao asili yake ni misitu ya magharibi, uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu kila penye uwazi, na sasa mti wa mgeni umeshika nafasi ya miti ya wenyeji. Ukiwaona wamejaa kwenye mti mmoja wakila, uliza jina la mti.

Kutoka Amani rudi Muheza, chukua basi hadi Mombo, kisha upande Lushoto. Hapo nina maneno machache. Ni juu zaidi, baridi zaidi, na msitu wa Magamba ulio juu ya mji una ndege ambao kule Amani huwapati. Mmoja wao, Sheppardia montana, duniani kote anaishi Usambara Magharibi tu. Ni mdogo, wa kahawia, anayeruka chini chini kwenye kivuli, na atakutesa. Mvua ikinyesha, kaa barazani kwenye nyumba ya wageni: chozi wa milimani huja kwenye maua ya bustani, na chai ya tangawizi iko karibu.

Siku ya kumi na moja ni ya basi hadi Morogoro. Kesho yake panda gari la Ifakara, ukae dirishani. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kwa hiyo utaona hifadhi kubwa kwa nauli ya kawaida. Tazama juu ya miti mikavu, tumbusi hukaa hapo wakisubiri hewa ipate joto. Mumbi, wale weusi wakubwa wenye ngozi nyekundu shingoni, hutembea chini kwa makundi madogo kama wazee wanaotoka mkutanoni.

Ifakara ndipo mahali ambapo watalii wengi hawafiki, na mimi napapenda kuliko Manyara. Bonde la Kilombero ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, na ndani ya matete yake anaishi mnana mmoja, Ploceus burnieri, ambaye hakuandikwa kwenye vitabu vya sayansi hadi mwaka 1990. Fikiria hilo. Wavuvi na wasafiri wa kivuko walikuwa wakipita chini ya viota vyake miaka yote, na hakuna aliyekuwa amempa jina la kitaalamu. Unahitaji mtumbwi na mvuvi anayeufahamu mto, muafikiane bei kabla ya kupanda. Umwambie asikaribie kiboko hata kama wewe ni jasiri. Dume ni wa njano na barakoa ndogo nyeusi usoni. Vuli na masika wanana huvaa rangi zao kamili na kujenga. Mtazame dume mmoja kwa robo saa: anang'oa uzi wa jani, anafunga fundo la kwanza kwenye tete akiwa ananing'inia kichwa chini, anatengeneza pete, kisha anasimama ndani ya pete hiyo na kusuka mbele yake hadi pale mdomo wake unapofikia. Kipimo cha kiota ni mwili wake mwenyewe. Jike akija akakikataa, dume hukivunja na kuanza upya.

Humo humo kwenye matete kuna ndege wengine wadogo wa kahawia ambao hata mimi huwatenganisha kwa sauti tu. Siku yako ya kwanza waache. Dudumizi atakusaidia kupumzika, anajulikana kwa kila mtu, analia kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, na wenyeji watakwambia anaita mvua.

Usiku miwili ya mwisho lala Mang'ula, njia ya kurudi, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hii ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, hakuna gari la kukodi. Njia ya maporomoko ya Sanje inapanda kutoka msitu wa chini, kororo wakichakura majani makavu pembeni. Lakini sababu yangu ya kukupeleka ni hadithi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini ndani ya misitu hii, upande wa Ndundulu. Kwenye sufuria ya kitoweo wakaona miguu ya ndege isiyofanana na ya kwale yeyote waliyemjua. Wakafuatilia, na akapatikana ndege mpya kabisa kwa sayansi, Xenoperdix udzungwensis, ambaye ndugu zake wa karibu wanaishi Asia. Waliokuwa wakimpika walimjua siku zote. Kumwona kunataka kupiga kambi siku kadhaa mbali na Mang'ula, kwa hiyo safari hii hutamwona. Lakini utakapokaa jioni pale chini na kutazama ukuta wa msitu unavyopanda hadi mawinguni, utajua yuko huko nyuma.

Siku ya kumi na sita ni ya Morogoro na treni ya kurudi.

Nimeacha mengi kwa makusudi. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine: bundi, ninga, chozi na mmoja mdogo mwenye pete nyeupe machoni. Msitu wa Ngezi ndio pa kuanzia, na ukipenda visiwa, iweke Pemba badala ya Lushoto, lakini usijaribu zote mbili. Kitulo, juu ya Mbeya, inakuwa na maua na mbayuwayu wa buluu wakati huo wa mvua. Ni safari yake peke yake. Ziwa Natron, wanakozaliwa heroe wadogo wengi wa Afrika Mashariki, inadai gari. Serengeti haihami.

Kuhusu majina, utapata shida nitakayokwambia mapema. Ndege wakubwa na wa karibu na watu wana majina ya Kiswahili, ila yanabadilika kila pwani na kila bara. Wadogo wa msituni wengi hawana jina la Kiswahili linalokubalika kote, wana majina ya Kisambaa, Kizigua, Kindamba. Ndiyo maana nimekuandikia ya Kilatini. Wewe uliza ya wenyeji na uyaandike kwenye daftari pamoja na tarehe, mahali na kile ndege alichokuwa akifanya. Programu ya simu ya kutambua ndege, Merlin, ni ya bure na husaidia kwa picha. Pakua orodha ya ndege wa eneo hili ukiwa bado na mtandao wa nguvu. Sauti za ndege usizipige kwa simu ili kuwaita, hasa wakati wa kutaga. Dume anayedhani amevamiwa huacha kulisha na kuja kupigana na simu yako.

Na hiyo darubini ya kuazima: tazama namba zilizoandikwa juu yake, ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ikiwa 8x42, umebahatika. Ikiwa 10x25, itatosha Ifakara lakini ndani ya msitu utaona giza. Leo jioni fumba jicho la kulia, lenga kibao cha duka kwa jicho la kushoto hadi herufi zikae sawa, kisha fumba la kushoto na uzungushe kile kigurudumu kidogo cha jicho la kulia mpaka herufi zilingane. Watu wengi huzunguka nchi nzima wakidhani macho yao yamezeeka, kumbe hawakugusa kigurudumu hicho. Beba na kitambaa kikavu cha pamba ndani ya mfuko wa nailoni. Amani utakihitaji kila baada ya dakika tano.